Wiki Ambayo Sahani Zote Zilikuwa Safi

Kama kuna swali linalonichosha kuliko joto la Garissa, ni hili: "Majibu yako tayari?" Naulizwa mlangoni, naulizwa kwenye foleni ya chai, na siku moja niliulizwa nikiwa chooni, mtu amesimama nje anabisha kwa adabu zake zote. Sampuli imefika saa tatu, ikifika saa nne wanataka majibu, kana kwamba bakteria ni gunia la viazi, unaliweka kwenye mizani na kusoma. Nimefanya kazi ya maabara hapa miaka kumi na moja, na bado sijafaulu kumweleza mtu yeyote, wakiwemo madaktari waliosoma jambo hilihili chuoni, kwamba bakteria ni kiumbe hai. Hana haraka ya mtu. Unampikia, unamlaza kwenye kabati lenye joto kama la mwili wa binadamu, kisha unangoja ale, azaane, mpaka wawe wengi kiasi cha kuonekana kwa macho. Hiyo ni siku nzima kama umebahatika, na Garissa haikubahatishi mara nyingi. Stima ikipotea, kabati linapoa. Kiyoyozi kikifa, chumba chenyewe kinakuwa moto kuliko kabati.

Chakula chao tunapika wenyewe. Unga unachemshwa kwenye chungu cha mvuke, unapoa kidogo, unamiminwa kwenye vile visahani vya plastiki na kuganda kama jeli. Kabla haujaganda tunatia damu kidogo. Damu ina kazi mbili. Kuna bakteria wadhaifu ambao bila hiyo hawaoti kabisa, na kuna wengine wanaoivunja, ukawaona asubuhi kila kundi limezungukwa na duara jeupe mahali ambapo wekundu umekwisha. Sumu wanayoivunjia damu kwenye sahani ni ileile wanayoitumia ndani ya mtu. Sasa, damu ya nani? Ya binadamu niliikataa tangu mwanzo, maana watu wa mji huu wanameza antibiotiki kama njugu. Ukiumwa kichwa, duka la dawa watakwambia ni taifodi. Ukiumwa goti, taifodi. Nilimpima mtu mmoja aliyekuwa ametibiwa taifodi mara nne ndani ya mwaka mmoja, na tatizo lake lilikuwa maziwa ya ngamia asiyoyachemsha. Damu ya watu kama hao imejaa dawa, na dawa hiyo ikiingia kwenye sahani itawaua bakteria kabla sijawaona. Kondoo, nilijiambia, haendi duka la dawa. Nilijiona mjanja sana.

Kondoo wa kutoa damu sikuwatafuta mbali. Naishi Galbet, na nyumba ya pili kutoka kwangu kuna mzee anayefuga wale kondoo weupe wenye vichwa vyeusi. Mtaa mzima unamwita Adeer, yaani baba mdogo kwa Kisomali, na mimi pia, japo kwetu ni Nyandarua kwenye ukungu na kabichi. Nilipomwomba mara ya kwanza hakukubali papo hapo. Damu kwao ni haramu kuliwa, na hapa amekuja mwanamke wa bara na sindano anataka kuichota shingoni mwa mnyama aliye hai. Alienda kwanza kumuuliza shehe. Shehe akasema kama hailiwi, na ni ya kusaidia wagonjwa, hakuna ubaya. Tangu siku hiyo Adeer akawa ndiye anayemshika kondoo kichwa, mimi nachota, kisha natikisa chupa yenye shanga za kioo ili damu isigande, huku majirani wakichungulia juu ya uzio. Kwa miezi miwili hakuna jirani aliyekunywa chai kwangu. Walikuwa wamesikia nakunywa kitu kingine.

Basi, katika wiki ninayotaka kuisimulia, Jumatatu, kwenye dirisha la maabara ulifika usaha ndani ya kichupa, na karatasi ya daktari wa upasuaji. Usaha ulikuwa wa mtoto wa kike wa miaka tisa kutoka Diff, kule mpakani. Alichomwa na mwiba kwenye muundi akichunga wana-kondoo. Mwiba ukatoka, kidonda kikafunga, halafu baada ya wiki kadhaa mguu ukavimba na homa ikapanda. Mama yake alimleta kwa lori hadi barabara kubwa, kisha kwa gari jingine, safari ya siku mbili huku mtoto akilia kila gurudumu likigonga shimo. Daktari alipasua, akatoa usaha, akanitumia kabla mtoto hajapigwa sindano ya kwanza.

Niliupaka kwenye kioo, nikautia rangi, nikaweka chini ya hadubini. Walikuwepo. Vijiduara vya zambarau vimekusanyika mafungu mafungu, kama mavi ya mbuzi yaliyomwagwa mahali pamoja. Nawafahamu hao. Wengi wetu tunatembea nao puani maisha yetu yote bila ugomvi wowote. Shida inaanza wakipata mlango. Mwiba ukifungua ngozi, wanaingia kwenye damu, na kwa mtoto anayekua wanapenda kutulia karibu na ncha za mifupa, mahali damu inapopita polepole. Wakishatulia, wanagandisha damu iwazunguke, ili askari wa mwili wasiwafikie, na ndani ya hilo ganda wanazaana. Usaha unaongezeka na hauna pa kwenda, kwa hiyo unaubana mfupa mpaka mfupa unakosa damu na kufa.

Lakini kuwaona si kuwajua. Hadubini haiwezi kukwambia ni dawa gani itawaua. Kwa hilo ni lazima waote kwanza, uwachukue wakiwa hai, uwapande upya, na uweke juu yao vikaratasi vyenye dawa mbalimbali. Dawa inayowaua inaacha duara tupu kuzunguka karatasi yake. Dawa waliyoizoea, wanaota mpaka ukingoni, wanaipanda kabisa.

Daktari alikuja mwenyewe maabara, jambo ambalo hafanyi. Ni kijana, mtu wa Magharibi mwa Kenya, mpole mpaka anakera. "Nimemwanzishia sindano tuliyo nayo," aliniambia, "lakini sijui kama inafika popote. Nataka jina la huyo mdudu na dawa inayomuua. Homa isiposhuka mpaka Ijumaa na sina cha kubadilisha, nitakata chini ya goti. Siwezi kungoja mpaka nimpoteze mtoto mzima."

Nikamwambia aende zake, atapata majibu Jumatano.

Jumanne asubuhi nilifungua kabati nikakuta sahani nyekundu, laini, safi kabisa. Nikarudisha ndani, wakati mwingine wanachelewa. Jumatano nikafungua tena. Safi. Sahani ilikuwa nzuri ya kuning'iniza ukutani.

Sijui kama nitaweza kueleza hasira niliyokuwa nayo. Chini ya hadubini bakteria wamejaa, kwenye sahani hakuna hata mmoja. Kwa mtu wa maabara hilo lina maana moja inayojulikana na kila mwanafunzi: bakteria walikuwa wamekwisha kuuawa kabla hawajanifikia. Na nani aliwaua? Nilikuwa na jibu, nimelibeba miaka kumi na moja. Duka la dawa. Mama alimnunulia mtoto vidonge njiani, akampa viwili vitatu, vya kutosha kuniharibia kazi na visivyotosha kutibu, halafu akaja hospitali akaapa hajampa kitu. Wote huapa hivyo.

Nilivua koti, nikavuka uwanja kwa jua la saa sita, nikaingia wodi ya watoto. Mama alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda, mkono wake uko juu ya ule mguu uliofungwa bendeji. Mwanamke mwembamba, umri wake huenda haufiki thelathini. Wodi ilikuwa imejaa, maana ilikuwa saa ya kuona wagonjwa.

"Mama, ulimpa mtoto dawa gani?" nikamuuliza.

Akainuka. Kiswahili chake kilikuwa cha Wasomali, kila p inageuka b. "Dawa? Hakuna, daktari."

"Ulinunua dukani. Niambie ukweli."

"Wallahi sijambea. Hata kidonge moja sijambea. Kwetu duka ya dawa iko mbali."

"Usiape!" Hapo nilikuwa nimepandisha sauti na sikuishusha tena. Nilimwambia kwamba watu wake wote ni hivyohivyo, wanatibiana wenyewe kisha wanatuletea maiti. Nilimwambia kwamba mtoto akikatwa mguu, asimlaumu daktari, ajilaumu mwenyewe na uongo wake. Wodi nzima iligeuka kututazama. Mama mmoja jirani alikuwa akitafsiri kwa mnong'ono kwa wasiojua Kiswahili, nikangoja kidogo amalize, Mungu anisamehe, ili wote wapate.

Yule mama alikaa chini, mkono akaurudisha pale pale.

Nikarudi maabara nikaandika majibu: "Hakuna bakteria walioota. Mgonjwa alitumia dawa kabla ya kupimwa." Nikatia sahihi na muhuri. Karatasi ikabandikwa kwenye faili la mtoto, na mimi nikanywa chai, nikiwa nimetulia kama mtu aliyefanya kazi yake.

Alhamisi kulikuwa na sahani nyingine tano za kusoma. Mkojo wa mzee mmoja ulionuka mpaka nje ya kichupa: safi. Kidonda cha mgonjwa wa kisukari: safi. Sikio la mtoto linalotoa usaha tangu mwaka jana: safi. Nikakaa kwenye kiti. Huu ni mji ambao kila kitu kinaota. Ukiacha chapati mezani asubuhi, jioni ina ndevu. Sahani yenyewe ukiifungua vibaya vumbi linaingia na kesho yake una bustani. Nikachukua pamba, nikaizungusha ndani ya pua yangu, nikapaka kwenye sahani iliyopikwa pamoja na hizo, nikaiweka kabatini. Mchana niliichungulia, na jioni kabla ya kufunga nikaichungulia tena, nikijua kwamba kufikia hapo ingepaswa kuwa na utando hafifu. Haikuwa na kitu. Pua yangu haijawahi kuwa safi hivyo tangu nizaliwe.

Hapo nikafungua daftari la mapishi. Kila tukipika kundi jipya la sahani, kanuni ni kupanda kwanza bakteria tunayemjua, tuliyemhifadhi kwenye friji kwa kazi hiyo tu. Akiota, sahani ni nzuri. Asipoota, unamwaga zote na kuanza upya. Kwenye mstari wa kundi lile kulikuwa na tiki. Mwandiko ni wangu. Sikuwa nimempanda bakteria yeyote. Siku ile stima ilikatika mara tatu, nilikuwa nimechoka, nimekasirika, na foleni ya "majibu yako tayari" ilikuwa mlangoni. Nikatia tiki.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Adeer. Alikuwa anawafungia kondoo zizini, akanikaribisha kwa salamu ndefu ambazo sikuwa na subira nazo.

"Adeer, yule kondoo niliyemchota mara ya mwisho alikuwa mgonjwa?"

"Mgonjwa? Hapana! Ile ni mzima kabisa." Alionekana kuudhika. "Mimi nakubea damu ya kondoo mgonjwa? Siku mbili kabla wewe kuja, nimebiga yeye sindano. Asubuhi ya kuja, nikabiga ingine."

"Sindano ya nini?"

Akaingia ndani akanitolea chupa. Ilikuwa oksitetra, dawa ya njano ambayo kila mfugaji kutoka hapa hadi Eldas anayo mfukoni, na sindano yake juu. Antibiotiki, na alikuwa amempiga kiasi cha kutosha ng'ombe.

"Kwa nini, Adeer?"

"Damu iwe safi," akasema, akinishangaa. "Wewe unabeleka kwa wagonjwa. Mimi nasema, si fizuri kubeleka damu na uchafu kwa hosbitali. Mara zile zingine nimekosa dawa. Hii mara nimebata."

Alikuwa anatabasamu. Sikuweza kumkasirikia, na hilo liliniudhi zaidi, kwa sababu nilihitaji sana mtu wa kumkasirikia. Mfugaji wa huku haleti mnyama mbele ya watu akiwa na kasoro, na zawadi yake haitoi bila kuisafisha. Alifanya kile ambacho mimi, mtaalamu mwenye cheti ukutani, sikuwa nimemwambia asifanye. Nilimfundisha kushika kichwa. Sikumwambia kamwe damu ile ni ya nini.

Asubuhi na mapema Ijumaa? Hapana, sikungoja asubuhi. Nilirudi hospitali jua likiwa bado juu ya mto Tana. Kwenye friji palikuwa na mabaki ya ule usaha, kama tone moja na nusu chini ya kichupa. Nilikuwa na sahani chache za chakula kitupu kisicho na damu, nilizozitunza kwa ajili ya vikaratasi vya dawa. Bakteria huyu si mchaguzi, angeota hata humo, na ningeweza kumpanda humo tangu Jumatatu kama kichwa changu hakingekuwa kimejaa maduka ya dawa. Nikalitumia tone lote.

Ijumaa asubuhi sahani ilikuwa na madoa ya njano kama samli, yamevimba vizuri. Nilitaka kulia. Nikachukua doa moja nikalidondoshea maji ya oksijeni, likatoa povu. Jingine nikalichanganya na majimaji ya damu kwenye kioo, na mbele ya macho yangu yakaganda mabonge mabonge, kama wanavyofanya mfupani. Jina nilikuwa nalo. Dawa bado. Vikaratasi vinahitaji siku nyingine.

Nikamkuta daktari nje ya chumba cha upasuaji, tayari amevaa kijani. Mtoto alikuwa wa kwanza kwenye orodha.

"Nipe mpaka kesho asubuhi," nikamwambia.

"Wewe si uliandika hakuna kilichoota?"

"Niliandika uongo."

Nikamweleza, kwa maneno machache, tiki na kondoo na yote. Upole wake wote uliisha. Alinitazama namna ambayo siwezi kuisahau, kisha akaingia ndani, akakaa kama dakika kumi na mtoto, akatoka. "Kesho saa moja," akasema. "Saa moja na dakika moja nakata."

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu nilifungua kabati. Kuzunguka karatasi ya dawa ambayo mtoto alikuwa akidungwa wiki nzima, bakteria walikuwa wameota mpaka ukingoni. Kuzunguka karatasi ya tatu kulikuwa na duara tupu, pana kuliko sarafu. Nilikimbia na sahani mkononi, jambo linalokatazwa na kila kanuni ya kazi yangu.

Daktari alibadilisha dawa asubuhi ileile. Jumatatu homa ikashuka. Alipasua tena Jumanne akatoa kipande cha mfupa kilichokwisha kufa, na mtoto atatembea akiuburuza mguu kidogo, lakini utakuwa mguu wake. Kama dawa ingeanza Jumatano, huenda kile kipande nacho kingebaki. Daktari hakusema hivyo. Mimi ndiye ninayesema.

Kwa mama nilikwenda siku ya Jumatano, na nakiri niliivuta siku hiyo kadiri nilivyoweza. Nilichuchumaa karibu naye, nikaongea kwa sauti ya chini. Nikamwambia sahani zangu ndizo zilizokuwa na dawa, si mtoto wake. Nikamwambia pole, nikalirudia.

Alisikiliza mpaka nikamaliza. "Baba yake alibigiwa simu," akasema. "Siku ile ile. Mtu wa hapa wodi alimwambia mimi nilificha dawa na mguu ya mtoto inakatwa. Hajaongea na mimi mpaka leo. Mama yake pia." Kisha akaonyesha faili lililoning'inia kitandani. "Ile karatasi bado iko?"

Ilikuwa bado iko. Nikaitoa. Nikaenda maabara nikaandika nyingine, na safari hii nilitumia robo saa kwa mistari miwili: kwamba mgonjwa hakutumia dawa yoyote kabla ya kupimwa, kwamba mama yake alisema kweli, na kwamba kosa lilikuwa la maabara. Sahihi, muhuri. Nikarudi nikamkabidhi mkononi.

Akaitazama. Hajui kusoma. Ilikuwa saa sita, saa ya kuona wagonjwa, wodi imejaa kama siku ile. Yule jirani anayetafsiri alikuwa kitanda cha pili. Mama akatoa simu yake, akabonyeza, akaiweka juu ya shuka, na nikasikia sauti ya mwanamume upande wa pili ikisema haloo, haloo. Kisha akanirudishia karatasi.

"Walaal, soma," akaniambia, akiniita ndugu kwa Kisomali. "Lakini na ile sauti ya siku ile."